Mama Anakuona

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima, yaani mimi, mwanao, na kuku wa jirani ambaye amehamia kwetu bila kuaga kwao. Sisi hatujambo. Ni goti langu tu la kushoto, ambalo siku hizi linajua habari za mvua kuliko redio. Paa la chumba cha nyuma limezibwa, na yule fundi safari hii hakusahau nyundo yake juu.

Chiriku wako ameanza chekechea, na kwa bahati nzuri au mbaya ameangukia darasani kwangu. Nimemkataza kuniita mama mkubwa tukiwa shuleni. Ananiita mwalimu mpaka getini, kisha anadai nimbebe. Muhula huu kwenye somo la dini tumeanza na uumbaji. Nimefinyanga wanyama wa udongo kwa mikono yangu, tembo, simba, twiga, na kabla sijafika siku ya sita kuna mtoto alikuwa amemtafuna twiga shingo.

Barua zako namsomea mezani, tukishakula. Anakaa kimya, mikono ameikunja, vilevile ninavyowafundisha kukaa darasani nikifungua Biblia. Picha yako nimeitundika juu ya meza, ile uliyopiga umenuna. Haya ndiyo maneno yake, naandika kama alivyoyasema: "Mama, nimeacha kulia kama ulivyosema. Sasa utakuja?"

Swali hilo la mwisho ni langu pia. Mkataba wako ulikuwa uishe kabla ya mwaka mpya. Mwaka mpya umekuja, wewe hukuja, na hukuandika kwa nini. Yule dereva anayeleta vifurushi anajua mambo yako kuliko mimi, mpaka habari za mafua yako alikuwa nazo. Sisemi kitu. Nauliza tu.

Dada yako,
Mwalimu


3 Machi

Dada yangu,

Salamu zako zimefika, na goti lako nimelicheka ingawa si vizuri. Mimi mzima. Barabara inayojengwa imesonga mbele na kambi imehama nayo, kwa hiyo jiko langu lilivunjwa na kujengwa upya, na sufuria kubwa ikapotea kwa siku kadhaa. Ilikutwa kwa mafundi, wamefulia nguo. Huku simu bado haishiki hata upande juu ya lori. Mkuu wa kambi amesema chai yangu ni maji ya kusuuzia vikombe, kisha akaongeza kikombe cha pili.

Maneno ya Chiriku nimeyasoma mpaka karatasi imeanza kuachana kwenye mikunjo. Lakini kuna kitu kimenikaa kooni. Anasema ameacha kulia kama nilivyosema. Mimi sikusema. Nakumbuka kila ninachoandika, maana kuandika kwangu ni kazi kuliko kukanda unga. Nilimwandikia kwamba akitaka kulia aje kwako umpakate. Nani amemwambia aache? Labda umechanganya barua yangu na ya mtu mwingine, ingawa sijui ni ndugu gani mwingine anayekuandikia.

Kuhusu kuja, nitakuambia nikijua. Na kuhusu dereva, yule ana wajukuu na meno manne. Ukitaka kunishuku, nitafutie mwanamume anayeweza kutafuna.

Mdogo wako,
Mpishi


30 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo, tunashukuru. Mvua zimeanza, kuku wa jirani ametaga kwenye kapu langu la madaftari, na mama mwenye kuku amekuja kudai yai lakini kuku hakumtaja.

Kuhusu yale maneno, mtoto wa umri ule husema lolote. Wiki iliyopita amewatangazia wenzake kwamba Nuhu ni binamu wa mkuu wa shule, kwa sababu ya ndevu. Tukianza kuchambua kila neno la mtoto hatutalala.

Kazini nimelemewa. Msaidizi wangu amejifungua, darasa limefurika, na nikitoka tu kwenda ofisini nyuma yangu ni vita. Basi nimechora jicho kubwa kwenye katoni, nimelipaka rangi, nimelibandika juu ya ubao na kuwaambia, "Mwalimu akitoka, Mungu anaona." Ungeusikia ukimya wake! Mkuu wa shule alikuja mbio akidhani watoto wametoroka. Kuna mmoja tu aliyegeuza kiti, akalielekezea lile jicho mgongo, ndipo akala andazi la mwenzake.

Sasa nami nina yangu ya kooni. Dereva safari hii ulimi umemteleza. Amesema mwezi wa pili mlipewa likizo, wapishi wenzako wakaenda kwao, wewe ukabaki. Alipoona nimemkazia macho akakumbuka gurudumu lake lina matatizo. Kumbe nafasi ya kuja ulikuwa nayo! Ni nani anayekushika huko? Nina haki ya kujua, kwa sababu mtoto akiuliza, anayeulizwa ni mimi.

Chiriku hana maneno safari hii. Nilikaa na kalamu nikamngoja. Akasema hakuna haja, mama anajua tayari.

Dada yako,
Mwalimu


5 Mei

Dada,

Salamu. Mimi mzima wa mwili.

Dereva alipoleta kifurushi mara ya mwisho wewe ulikuwa umetoka kidogo dukani. Mtoto alimfungulia. Akamzunguka nyuma, akamtazama bega hili na bega lile, akamuuliza mabawa ameyaacha wapi. Kisha akamuuliza kama kule kwa mama ni baridi, na kama watu wa kule wanakula au hawali tena. Dereva aliyasimulia haya jikoni kwangu wakati wa chai na wote walicheka mpaka vikombe vikamwagika. Mimi nilicheka nao. Halafu nikaenda stoo, nikakaa juu ya gunia la mchele.

Nakuuliza waziwazi: umemwambia mwanangu kwamba nimekufa?

Najua utasema watoto husema lolote. Lakini mtoto wangu alikuwa anaongea mpaka usingizini, ndiyo maana tukamwita Chiriku, na leo unaniambia hana maneno. Anaambiwa nimesema nisiyoyasema. Anamtafutia dereva mabawa. Na wewe huna mtoto, dada. Sijawahi kulitamka hili kwako, nalitamka sasa. Nimekupa wangu umlee, sikukupa awe wako.

Kambi hii mpya ina vyumba vya familia, na mke wa fundi mkuu anafundisha watoto chini ya turubai. Nitakuja mwezi wa sita kumchukua. Mwambie ajiandae. Ya likizo siyasemi sasa.

Mama yake Chiriku


22 Mei

Mdogo wangu,

Tuko wazima.

Sijawahi kumwambia mwanao kwamba umekufa. Naapa kwa huyohuyo ninayewafundisha watoto wa watu wamwogope.

Barua yako nimeifungua mezani, mtoto amekaa mbele yangu, mikono ameikunja, anangoja. Nilikutana na lile neno lako kuhusu mimi na kukosa mtoto huku yeye ananitazama mdomo. Unajua nilifanya nini? Nilimsomea ukurasa mzima ambao hukuuandika. Nilimsomea kwamba unampenda, kwamba unakuja, kwamba unamletea viatu vyekundu. Ulitaka nimsomee nini?

Kwa hiyo usije bila viatu. Mguu wake nimeuchora nyuma ya karatasi hii.

Njoo umchukue. Nguo zake nimezifua. Ni nani anayemfuta kamasi, ni nani anayejua akikohoa hivi ni vumbi na akikohoa vile ni homa, hayo tuyaache.

Mwalimu


27 Juni

Dada,

Nimefika salama. Tulikwama kwenye matope mchana mzima na dereva alilitukana lori kwa majina ya wakwe zake. Jiko nimelikuta chafu, na mtu aliyenishikia kazi ametumia chumvi yote.

Nimerudi peke yangu, kwa hiyo mwisho wa safari yangu unaujua. Katikati hukuijua, kwa sababu ulituachia chumba ukaenda jikoni, ukawa unagongagonga masufuria ili tujue husikilizi. Kwa hilo nakushukuru.

Nilikaa kitandani nikamfungulia mikono. Hakuja. Alisimama katikati ya chumba, miguu pamoja, mikono ameikunja, akaanza kusema. Kwamba alilamba sukari. Kwamba alimsukuma mtoto wa jirani kwenye tope. Kwamba alidanganya kuhusu kikombe, "lakini wewe uliona." Nikamwambia sikuona, mwanangu, ningeonaje? Akanitazama kwa mashaka, dada, kana kwamba ni mimi niliyevunja kikombe. "Mama anaona yote," akasema. Nikamuuliza nani amekwambia. Akanyoosha kidole kwenye picha yangu ukutani. Niliombwa msamaha na mwanangu kwa mambo ambayo mtoto yeyote anafanya kabla ya saa ya chai, na kila nilipomwambia si neno, alitafuta kosa lingine.

Siku iliyofuata nilikuja shuleni kukutafuta. Sikuingia, nilisimama dirishani. Ulikuwa unafundisha, na unafundisha vizuri, hata mimi nilikaa sawa. Ukawaambia: Mungu hatumwoni lakini yeye anatuona. Yuko mbali, lakini maneno yake tunayo hapa, mwalimu atawasomea. Anatuma malaika wake. Siku moja atakuja, hatujui lini. Watoto wengine walikuwa wanachokoa pua. Chiriku alikuwa mstari wa mbele, anatikisa kichwa kukubali. Hakuna neno lililomshangaza. Zilikuwa habari za nyumbani kwake.

Hapo nilipata jibu la swali langu la mwezi wa tano, na niliona aibu kwa nilivyoliuliza. Hukumwambia nimekufa. Nisamehe na lile neno jingine. Nililiandika nikijua litakuuma.

Asubuhi ya kuondoka alivaa viatu vyekundu bila ubishi. Nilimbeba mpaka barabarani. Alipomwona dereva ameshika mlango wa lori, akaning'ang'ania shingo. Hakulia, kwa sababu anaamini nimemkataza. Aliniwekea mdomo sikioni, akasema, "Mama, sitaki kwenda mbinguni leo. Bado sijamaliza chekechea." Nikamshusha. Wewe uliona nikimshusha, ukafikiri nimebadili nia kwa sababu yako.

Kuhusu likizo: hakuna mwanamume. Natamani angekuwepo wa kutupiwa lawama. Nilikaa huku mwezi wa pili kwa sababu niliogopa Chiriku atanikimbia. Kila mwezi nilioogopa ulizidisha sababu ya kuogopa.

Lakini kulia sikumkataza mimi, na jicho lile sikulichora mimi. Hilo bado hujalijibu, na nitakuuliza kila barua mpaka ulijibu.

Ndani kuna karatasi ya mtoto. Isome kama ilivyo. Usiongeze, usipunguze, hata ukifika mahali ukaona aibu kwa niaba yangu.

Mdogo wako


(Karatasi ya mtoto)

Chiriku, ni mimi mama.

Mimi sikuoni. Nikiwa huku naona sufuria, moshi, na migongo ya mafundi. Sijui leo umekula nini wala umecheza na nani, mpaka uniambie. Ile picha ni karatasi. Siku ile nilinuna kwa sababu mkanda ulikuwa unanibana tumbo.

Mimi ni mtu. Leo nimeunguza maharage, na mkuu wa kambi alipouliza, nikasema kuni zilikuwa mbichi. Hazikuwa mbichi. Nilikuwa nasinzia. Jana nililia kwa sababu ninakutaka. Nililia kwa sauti na hakuna aliyenikataza. Na wewe ukitaka kulia, lia.

Huku ninakokaa kunafikika kwa lori. Lori hilo linakwenda na linarudi, na watu wanapanda na kushuka, wengine wana mbuzi. Dereva si malaika, muulize mke wake. Mwezi wa nane nitakuja, nitakaa, kisha nitaondoka, kisha nitakuja tena. Sitakuchukua mpaka siku utakayosema wewe.

Mama


16 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Tuko wazima, goti limepoa, na kuku nimemrudisha kwao, akarudi kabla yangu.

Umeniuliza, nakujibu. Kulia nilimkataza mimi. Ulipoondoka alilia kila jioni akikuita, na nikimpakata ananisukuma kwa mikono yote miwili. Siku moja nikachukua barua yako, nikajifanya nasoma, "Mama anasema usilie." Alinyamaza palepale. Mimi mikono yangu ilikuwa imeshindwa, na neno lako moja ambalo hukulisema likaweza. Kesho yake nikasoma, mama anasema kula. Halafu, mama anasema lala. Siku ambazo barua hazikuja nikaonyesha picha nikasema, mama anakuona. Ndivyo ninavyofanya kazi, mdogo wangu. Miaka yote hii nawatuliza watoto kwa mtu asiyeonekana, na hakuna aliyewahi kuniuliza wanabaki wakimwonaje. Sikukusudia kukuua. Nilikupandisha cheo mno.

Na wivu ulikuwepo, usidhani sijui. Ulishuku nataka mtoto wako. Nilitaka. Nilipenda namna alivyonitazama nikisoma, hata nikijua anayemsikiliza ni wewe.

Jicho nimelibandua. Darasa sasa ni soko, na mkuu wa shule ameniuliza kama ninaumwa. Nimeanza tena upya na Mungu wangu mwenyewe, naona haya kukwambia. Niliwaambia Mungu anatutazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyelala. Mmoja akasema mama yake husinzia kwanza. Nikasema basi huyu hasinzii. Akasema, "Maskini." Nikawagawia udongo wafinyange.

Sasa ya Chiriku. Nilisoma kama ilivyo. Pale penye "sikuoni" alifungua mikono yake, akaiweka mezani. Pale penye maharage akaninyang'anya karatasi, akaichungulia, akanirudishia. "Rudia." Nikarudia mpaka sauti ikakauka. "Mama amedanganya?" Nikasema ndiyo. "Mama huyuhuyu?" Ndiyo, huyuhuyu. Akaitazama picha, akapanda kiti, akaichungulia kwa karibu puani. Kisha akacheka, kicheko kile chake cha zamani cha kukohoa, na kicheko kikageuka kilio. Kilio, mdogo wangu! Kilio cha miezi yote, cha kamasi na kwikwi. Nilikaa na mikono yangu mapajani, sikusoma chochote. Baadaye alikuja mwenyewe, akapanda mapajani kwangu, akalia pale, nami nikalia juu ya kichwa chake.

Leo ameniamrisha nishike kalamu. Amezunguka chumba akisema haraka kuliko ninavyoandika, na nimelazimika kumkatiza mara nyingi. Haya ndiyo maneno yake:

"Mama, kama hunioni, basi nakwambia. Mimi nakula mboga zote. Zote, hata zile za kijani. Napiga mswaki bila kuambiwa. Mchana ninalala sisumbui mtu. Mama mkubwa hajui kufinyanga twiga, shingo inakatika. Ukija utalala na mimi upande wa ukutani. Kama hujui njia muulize dereva."

Hapo anachungulia karatasi, ingawa hajui kusoma. Mboga ziko nyuma ya pipa la maji, naziona kutoka hapa nilipokaa. Mswaki ni mkavu. Mchana wa leo amelala kiasi cha mimi kufumba macho na kufumbua.

Ni mara yake ya kwanza kukudanganya, mdogo wangu. Nimeandika kila neno na sikumsahihisha.

Dada yako